Pima kwanza, ubane baadaye

Ndugu Mhariri,

Kila maisha yanapopanda, kurasa za magazeti hujaa ushauri wa kubana matumizi ya nyumbani, na ushauri wenyewe ni uleule: punguza starehe, acha vitafunwa vya njiani, zima taa ukitoka chumbani. Si ushauri mbaya. Kasoro yake ni kwamba unadai nidhamu kila siku, na nidhamu huchoka kufikia katikati ya mwezi. Tena unawashika watu pale wanapoamua wenyewe, ilhali sehemu kubwa ya fedha za kila mwezi huondoka bila mtu yeyote kuamua. Huondoka usiku watu wamelala: choo kinachovuja kimyakimya, friji yenye mpira wa mlango uliolegea, king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti tu, huduma iliyolipiwa mara moja ikawa inajilipa yenyewe, riba inayokatwa kabla mshahara haujashikwa. Bandu bandu humaliza gogo, na hapa anayebandua haonekani.

Mambo haya yakirekebishwa mara moja yanaokoa fedha kila mwezi bila mtu kujinyima chochote. Lakini huwezi kurekebisha usichokipima, kwa hiyo naomba nafasi nieleze namna ya kupima.

Kazi ya kwanza ni ya karatasi na kalamu. Chukua taarifa za benki na za simu za miezi mitatu iliyopita, uorodheshe kila kilicholipwa zaidi ya mara moja. Mwezi mmoja hautoshi kwa sababu unadanganya: kuna malipo ya kila robo mwaka, na mtungi wa gesi unaweza kudumu wiki saba. Kisha geuza kila kitu kiwe cha mwaka. Cha kila siku zidisha kwa 365, cha wiki kwa 52, cha mwezi kwa 12. Hapa wengi huteleza. Huchukua matumizi ya wiki, huzidisha kwa nne, huyaita ya mwezi. Nne mara kumi na mbili ni 48, na mwaka una wiki 52. Wiki nne nzima zimeanguka nje ya bajeti, halafu mtu analalamika kuwa kuna miezi "migumu". Ukitaka ya mwezi, zidisha ya wiki kwa 52, ugawe kwa 12. Inakuwa mara 4.33.

Orodha ikishakamilika, weka alama kwenye kila mstari usioamuliwa na mtu. Hiyo ndiyo mistari ya kuanza nayo, hata kama kila mmoja unaonekana mdogo.

Nianze na umeme, maana ndiko watu hukisia sana. Mita nyingi za kisasa zina kitaa kidogo kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Mara nyingi ni 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Kwenye mita ya 1000, kila mmweko ni wati-saa moja. Hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60, umepata wati zinazotumiwa na nyumba nzima wakati huo. Mimweko 5 kwa dakika ni wati 300. Kama kinamweka polepole mno, hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 12 zinakupa wati 300 zilezile. Mita ya 1600 unagawa 2,250 badala ya 3,600.

Kipimo hiki kifanywe usiku, taa zote zimezimwa na friji imetulia, kompresa hainguruni. Hesabu inayopatikana hapo ndiyo mzigo usiolala. Wati moja isiyozimika mwaka mzima ni uniti 8.76, kwa hiyo wati 80 ni uniti 700 kwa mwaka. Baada ya hapo mmoja asimame kwenye mita, mwingine apite nyumba nzima akichomoa plagi moja moja, akisubiri dakika kila mara. Matokeo huwashangaza wengi. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu, ambayo ndiyo hulaumiwa na kila mtu, kwa kawaida haifiki nusu wati. Ni chini ya uniti 5 kwa mwaka. Ila king'amuzi, hasa cha zamani au chenye diski ya kurekodia, kinaweza kula wati 10 hadi 15 kikiwa "kimezimwa", yaani uniti 88 hadi 131. Spika za muziki na printa nazo zichunguzwe. Dawa ni soketi ya upanuzi yenye swichi, ikae mahali mkono unapofika. Ikiwa nyuma ya kabati haitazimwa na mtu.

Mzigo wa mchana una kanuni moja: kinachopasha moto ndicho kinachokula. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji wati-saa 1.16, na hakuna ujanja wa kukwepa hilo. Tangi la heta la lita 50, likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, linataka uniti 2.3. Kwa umeme huohuo balbu ya LED ya wati 9 ingewaka siku kumi na ushei, mchana na usiku. Ndiyo maana kumfokea mtoto kwa taa ya korido huku heta ikiwaka kutwa ni kufukuza panya na kuacha mlango wazi.

Tangi la heta hupoteza joto hata kama hakuna anayeoga, kisha hujiwasha kufidia. Uliguse kwa nje: likiwa na uvuguvugu, joto lako linapasha ukuta. Livikwe koti la kuhifadhi joto lililotengenezwa kwa kazi hiyo, bila kuziba kifuniko cha nyaya wala bomba la usalama, na mita mbili za kwanza za bomba la maji moto zivikwe sponji. Likiwekewa swichi ya saa, liwashwe saa moja kabla ya watu kuoga, lizimike lenyewe. Lakini usilishushe chini ya nyuzi 60 ili kuokoa. Maji yanayokaa kwenye tangi yakiwa vuguvugu huwa makazi ya bakteria wa Legionella, wanaoambukiza mapafu mtu anapovuta vitone vidogo vya maji ya bafu vinavyoelea hewani. Heta ya papo kwa papo haina hasara ya kukaa, ila ni kali wakati wa kuoga: ya wati 5,000 kwa dakika kumi ni uniti 0.83, kwa dakika sita ni 0.5. Hapo saa ya ukutani bafuni inasaidia kuliko mahubiri.

Friji haiamuliwi na mtu, kwa hiyo inastahili ukaguzi wa robo saa. Funga mlango ukibana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira haushiki mahali hapo. Rudia kuzunguka mlango wote. Mara nyingi kosa ni uchafu wenye mafuta, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni yanatosha. Mpira uliopinda unaweza kunyooshwa kwa kuulainisha na hewa moto ya kikaushia nywele, polepole, bila kuusogelea mno. Uliopasuka ubadilishwe. Kama mpira ni mzima na karatasi bado inatoka upande wa juu tu, tazama bawaba. Mlango uliojazwa chupa hulala taratibu. Kisha chomoa plagi, uvute friji mbele, usugue vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini, uirudishe ukiacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Joto linalotolewa ndani hutokea nyuma. Lisipopata njia, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi kwa ubaridi uleule. Ndani patoshe nyuzi 4, kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ikizidi nusu sentimita iyeyushwe, na isichokolewe kwa kisu, maana tundu moja kwenye bomba la gesi ndiyo mwisho wa friji.

Kuna wanaozima friji usiku wakidhani wamepunguza nusu. Hawajapunguza. Joto lililoingia usiku lazima litolewe asubuhi, faida inayobaki ni ndogo, na chakula kimekaa saa kadhaa juu ya nyuzi 5 ambako vijidudu huongezeka haraka. Chakula kimoja kikitupwa, hesabu imeshageuka hasara.

Niseme neno pia juu ya vile vikasha vinavyochomekwa ukutani na kutangazwa kuwa hupunguza ankara ya umeme kwa nusu. Ukikifungua utakuta kapasita na kitaa. Kapasita hurekebisha kile mafundi wanachokiita pawa fakta, yaani uwiano wa umeme unaofanya kazi na ule unaovutwa kutoka kwenye waya, na mita ya nyumbani kwa kawaida hailipishi kitu hicho. Inalipisha kilowati-saa halisi. Kitaa chenyewe kinatumia umeme. Asiyeamini arudi kwenye mimweko: ahesabu kabla ya kukichomeka na baada.

Balbu nazo zibadilishwe kwa mpango, si zote kwa pupa. LED ya wati 9 mahali pa balbu ya kizamani ya wati 60, inayowaka saa tano kwa siku, inaokoa uniti 7.65 kwa mwezi. Balbu hiyohiyo stoo, inayowaka dakika kumi kwa siku, inaokoa robo uniti. Anza na sebule, jiko na taa ya nje. Na LED ya bei ya chini ikifungiwa ndani ya globu, yaani kifuniko cha taa, isiyopitisha hewa hufa mapema, kwa sababu kinachoungua si taa bali saketi iliyomo kwenye kitako, isiyopenda joto. Ukiona balbu zinakufa mfululizo kwenye taa ileile, laumu globu kwanza.

Upande wa maji, mita ndiyo shahidi. Funga kila bomba, soma mita pamoja na tarakimu zote nyekundu, usitumie maji kwa saa mbili, soma tena. Ikisogea, kuna uvujaji. Palipo na tangi la juu, funga koki inayoliingiza maji kabla ya kupima, vinginevyo tangi linalojazwa litaonekana kama uvujaji. Kisha pima tangi lenyewe: weka alama kwenye kina cha maji usiku, uangalie alfajiri. Mita ikitulia na tangi likapungua, kosa liko ndani ya nyumba. Mita ikisogea huku koki ya tangi imefungwa, na hakuna bomba linalotoka moja kwa moja kwenye njia kuu, kosa liko kwenye bomba la ardhini. Tafuta mahali penye majani mabichi kuliko pengine.

Mwizi mkubwa wa maji kwa kawaida ni choo, kwa kuwa hakitoi sauti na maji yake hayalowanishi sakafu. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, mpira wa chini haufungi. Futa utando kwenye kiti cha mpira huo kwa kidole na ujaribu tena kabla ya kununua mwingine. Chumvi ya maji hujenga ukoko mgumu unaozuia kufunga. Kama si hapo, angalia boya. Maji yanatakiwa kusimama karibu sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kumwagikia. Yakifika mdomoni, yanamwagika kutwa kucha. Skrubu ya boya izungushwe mpaka yashuke.

Tangi la kizamani la lita 9 au zaidi linaweza kupunguzwa kwa kulaza ndani yake chupa ya lita moja iliyojaa maji na kufungwa vizuri, mbali na boya. Tofali lisitumike, linamomonyoka na mchanga wake hukwama kwenye mpira. Na kama baada ya kuweka chupa watu wanaflashi mara mbili, itoe, umeongeza matumizi.

Bomba linalodondosha lipimwe kwa kikombe: mililita 100 kwa dakika kumi ni lita 14.4 kwa siku, zaidi ya lita 5,000 kwa mwaka, yaani uniti tano za maji, za lita 1,000 kila moja. Wengi hulikaza kwa nguvu, na hapo ndipo huliharibu kabisa, kwa sababu nguvu hukata mpira wa ndani na kuacha alama kwenye kiti chake cha shaba. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, ling'oe kwa spana, badilisha mpira. Likiendelea kudondosha na mpira mpya, kiti kina mkwaruzo na kinahitaji kusagwa. Fundi bomba ana kifaa chake. Bafuni weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua, uhesabu sekunde. Likijaza kwa dakika moja au chini yake, kichwa cha lita 6 hadi 8 kwa dakika kitaokoa maji na umeme wa heta kwa pamoja. Ila heta za papo kwa papo huhitaji msukumo fulani ili ziwake, basi soma kiwango chake kabla ya kubadilisha kichwa.

Gesi ya kupikia inapimwa kwa mzani. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye kola yake. Toa regyuleta, pima, toa uzito huo. Mtungi ulioandikwa 14.6 ukisoma kilo 20.1 una gesi kilo 5.5, hata ukiutikisa namna gani. Upime siku unapoununua pia, ujue kama umeuziwa ulichokilipia. Andika tarehe, ugawe kilo kwa siku ulizotumia. Namba hiyo ikiruka ghafla bila wageni kuongezeka, paka povu la sabuni kwenye mpira na viungo vyake. Mapovu yakivimba, funga vali, fungua madirisha, usiguse swichi. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Moto uwe wa bluu. Wa manjano unaopaka sufuria masizi unaonyesha hewa haitoshi kwenye bana, na mara nyingi ni matundu yaliyozibwa na chakula kilichofurika; sindano na brashi kavu hutosha. Ndimi za moto zisipite kitako cha sufuria. Na hili ndilo kubwa kuliko yote jikoni: maji yakishachemka, moto mkali hauivishi haraka zaidi. Joto la maji linabaki karibu nyuzi 100, na ziada yote inaondoka kama mvuke. Funika, shusha moto mpaka lionekane povu dogo dogo tu. Maharage makavu yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria ya presha hupunguza zaidi ya hapo kwa sababu ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120.

Kwenye manunuzi sina mengi. Gawa bei kwa uzito, kila mara, hata kwa bidhaa uliyoizoea, kwa kuwa pakiti hupunguzwa gramu bila bei kuguswa. Gramu 400 kwa 10 ni 2.50 kwa kila gramu 100. Gramu 900 kwa 24 ni 2.67. Pakiti kubwa ndiyo ghali, ingawa imeandikwa "ya familia". Na kununua kwa jumla kuna faida kwa kisichooza na kisicholiwa haraka zaidi kwa sababu kipo kingi. Sabuni ya unga hufaa, ingawa hata hiyo humwagwa kwa ukarimu gunia likiwa limejaa. Weka kipimo ndani ya gunia.

Huduma zinazojilipa zenyewe zinahitaji ukali. Kufuta programu kwenye simu hakufuti usajili wake. Malipo yanaendelea mpaka usajili ukatishwe kwenye akaunti ya duka la programu au kwa mwenye huduma, na uthibitisho utunzwe. Kipindi cha majaribio ya bure kikatishwe siku hiyohiyo unapojiunga. Huduma nyingi hukuacha utumie hadi siku zitimie. Kwa bando, gawa bei kwa megabaiti kama unavyogawa pakiti dukani. Video ya ubora wa kawaida hula takriban megabaiti 700 kwa saa na ya ubora wa juu kabisa wa simu hufika gigabaiti 3, tofauti ambayo jicho halioni kwenye kioo kidogo. Shusha ubora, zima video zinazojicheza, ruhusu masasisho kwa waifai tu. Ada za kutuma fedha hupangwa kwa ngazi, kwa hiyo miamala mitano midogo kwa mtu yuleyule aghalabu hugharimu kuliko mmoja mkubwa. Kutoa fedha ni vivyo hivyo, ila jumla kubwa mfukoni nayo huyeyuka. Hapo kila mtu ajijue.

Nimeacha mkopo mwisho kwa makusudi, maana riba ni gharama ya kila mwezi kama maji na umeme, lakini ni nadra kuandikwa kwenye orodha. Mkopo mdogo wa asilimia 10 kwa mwezi unasikika mwepesi. Ukikopwa upya kila mwezi kwa mwaka, riba yake ni asilimia 120. Ikiwa riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, 1,000 inakuwa 3,138 baada ya miezi kumi na miwili.

Mkopo wa pili wa kuangalia ni ule wa riba inayohesabiwa kwa kiasi cha awali. Umekopa 1,200 kwa asilimia 12, unalipa 1,344 kwa miezi kumi na miwili, 112 kila mwezi. Inaonekana ni 12 kweli. Lakini hukuwa na 1,200 hiyo mwaka mzima; ulianza kuirudisha mwezi wa kwanza, na kwa wastani ulishika nusu yake na ushei. Ikihesabiwa kwa salio linalopungua, riba uliyolipa ni takriban asilimia 21.5. Kwa hiyo mkopo wa asilimia 18 kwa salio linalopungua ni nafuu kuliko huu wa 12, na afisa anayekuuzia huu wa 12 analijua hilo. Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini ni mawili tu: nitarudisha jumla ya kiasi gani, pamoja na ada na bima ya mkopo, na nikilipa mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa?

Madeni yakiwa kadhaa, lipa kima cha chini kwa yote na ziada yote ielekee lenye riba kubwa zaidi. Kuweka akiba inayopata asilimia 5 huku unadaiwa kwa 30 ni kupoteza 25. Bakiza tu akiba ndogo ya dharura, ya ukubwa wa gonjwa moja au fundi mmoja, ili tatizo dogo lisikurudishe kwa mkopeshaji.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha "kuokoa", gawa bei yake kwa fedha kitakachookoa kwa mwezi. Ikitoka miezi 8, nunua. Ikitoka miezi 60 na dhamana ni ya mwaka mmoja, kiache dukani. Mpira wa choo na mpira wa bomba karibu kila mara hurudisha fedha kabla ya ankara mbili kupita. Bima ya afya na matengenezo ya breki visiguswe katika zoezi hili.

Kilichookolewa nacho kina tabia ya kupotea palepale, kwa kuwa hakionekani. Ni ankara tu iliyokuja ndogo. Basi linganisha ankara mpya na ya mwezi kama huo mwaka uliopita, si ya mwezi uliotangulia, kwa sababu majira hubadili matumizi ya maji na umeme. Tofauti yake ihamishwe kwa agizo la benki siku ileile mshahara unapoingia, kwenda kwenye deni lenye riba kubwa, na deni likiisha agizo libaki, libadilishwe akaunti tu.

Wako,
Msomaji wako